Fundi Kasiani na Vita vya Shikamoo

Watu wengi huota, wakaamka, wakanawa uso, na ndoto ikaondoka na maji. Fundi Kasiani Nampunju wa Newala hakuwa mtu wa kuamini ndoto, na mpaka leo ukimuuliza atakwambia kwamba aliyoyaona mchana ule yaliletwa na jua kali na tumbo tupu. Lakini wanaozifahamu kazi zake za kabla ya siku ile na za baadaye wanasema kuna kitu kilimpata, na kilimpata akiwa amelala.

Kasiani alikuwa mchongaji wa mpingo, mtu wa miaka hamsini na minane, mwenye maneno mengi na vidole vigumu, na kwa muda wa miaka kumi hivi alikuwa akichonga jambo moja tu: vita. Hakuchonga vita kama wanavyovichonga wengine, kwa majeraha na akina mama walioshika tama. Yeye alichonga vita vya kuchekesha. Alichonga jenerali mwenye nishani nyingi hata akahitaji askari wawili wa kumbebea kifua. Alichonga mkutano wa amani ambao kila mjumbe amekalia kiti chenye meno, kinamng'ata, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema anaumia. Alichonga majeshi mawili yanayogombania kofia ya chuma, na ndani ya kofia ile kuku ameatamia mayai yake, anawatazama wote kwa dharau. "Mwenye silaha akiogopwa hunenepa," alizoea kumwambia mkewe, Fides. "Akichekwa hukonda. Mimi kazi yangu kuwakondesha." Na watu walicheka kweli, wengine wakikaa chini wakijishika mbavu, naye Kasiani alikipenda kicheko kile kuliko mtu anavyopenda chakula.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Wageni walikuwa wamekuja kutoka Mtwara kuchagua sanamu za kupeleka kwenye maonyesho makubwa, na karakana ilikuwa imejaa vicheko tangu asubuhi. Katikati ya vicheko hivyo akaingia Bi Olinda na beseni lake la maandazi. Huyu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyekuwa amevuka mto Ruvuma miaka mitatu nyuma, akikimbia vita vya ng'ambo, akiwa na binti mmoja mgongoni na bila mume. Kila siku aliuza maandazi pale nje, lakini hakuwahi kuingia ndani. Siku hiyo aliingia, akaweka beseni chini, akazitazama sanamu moja baada ya nyingine bila haraka. Alipofika kwa yule kuku akaizunguka sanamu mara mbili, kisha akamgeukia mwenye nyumba, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Samahani, fundi. Mnacheka nini?"

Vicheko vikakatika. Mgeni mmoja akaanza kuchunguza viatu vyake. Kasiani alihisi joto likimpanda kutoka kifuani mpaka masikioni. Angeweza kumjibu vizuri, au angeweza kumuuliza na yeye ameona nini. Badala yake alisema, "Mama, hii ni sanaa. Kama huielewi, rudi kwenye maandazi yako. Huko hakuna cha kuelewa." Wageni wakacheka tena, kicheko kifupi cha watu wanaotaka jambo lipite. Bi Olinda akainama, akachukua beseni lake, akasema, "Ahsante, fundi," akatoka.

Wageni walipokwisha kuondoka, Fides, aliyeyaona yote akiwa amesimama mlangoni, alimwambia mumewe neno moja tu. "Baba Hilda, leo umechonga mtu mzima, tena bila mpingo." Akaingia ndani kwake, asimwite kuja kula. Kasiani akabaki peke yake karakanani. Alijaribu kumkasirikia yule mwanamke, hasira ikakataa kuja. Alijaribu kujisamehe, na hilo pia halikuwezekana. Akaketi juu ya maranda, mgongo ameuegemeza kwenye gogo, jua la saa nane likipenya kwenye mabati, na akiwa bado anatafuta nani alaumiwe, usingizi ukamchukua.

Akajiona yuko kwenye njia ya mchanga mwekundu, katika nchi asiyoijua, nchi ambayo kila kitu kilikuwa na vivuli viwili, kimoja kirefu na kimoja kifupi, wala havikuelekea upande mmoja. Mashamba yalitanda kulia na kushoto, mihogo imekomaa hadi ikapasua udongo, na hapakuwa na mtu wa kuivuna. Alikuwa bado anashangaa ni watu gani hao wanaoacha chakula kikioza ardhini, ndipo alipomwona bwana mmoja akimjia, amevaa suti nyeupe na viatu vyeupe, na tabasamu lililokaa upande mmoja tu wa mdomo. "Karibu, fundi," alisema yule bwana. "Jina lako linatajwa sana huku kwetu. Mimi ni Kejeli. Ninakaa ghorofa ya juu kabisa, nami nimekutengea kiti."

Wakapanda ngazi nyingi mpaka kwenye roshani iliyotazama bonde. Kiti kilikuwa na mto laini, na kinywaji baridi kimewekwa pembeni. Chini, bondeni, majeshi mawili yalikuwa yamesimama yakitazamana, madogo kama siafu, na kutoka pande zote mbili ulipanda ukelele mmoja: "Marahaba! Marahaba!"

"Nani amewaamkia?" Kasiani aliuliza.

"Hakuna," alisema Kejeli, akikunja nne. "Hapo ndipo penye utamu. Majemadari wa majeshi hayo ni mapacha, Kiburi na Ghadhabu. Hakuna ajuaye yupi ni Kulwa, aliyetangulia kuzaliwa, na yupi ni Doto, kwa hiyo hakuna ajuaye nani ampe mwenzake shikamoo. Kila asubuhi wanakutana katikati ya uwanja, kila mmoja anasubiri kuamkiwa. Kimya kikizidi, mizinga inaanza kuongea. Huu ni mwaka wa arobaini."

Kasiani alicheka mpaka machozi yakamtoka. Vidole vilimwasha kwa hamu ya tezo lake. Aliona tayari jinsi angewachonga, videvu juu, mikono nyuma, wameota mizizi miguuni kwa kungoja salamu. Kejeli alimtazama kwa upole, kama mwalimu amtazamavyo mwanafunzi aliyepata jibu. "Nikupe siri ya kazi yako, fundi," alisema. "Siri ni umbali. Ukiwa juu, binadamu wote wanachekesha. Ukishuka ngazi moja unaanza kuona nyuso. Ukishuka ya pili unasikia majina. Mwenye akili hashuki."

Maneno hayo yalimwingia Kasiani, akayaona yana busara. Lakini alipogeuka kuchukua kinywaji chake aliona kiti cha tatu, na juu yake mtu mnene mwenye nishani mpaka kwenye mikono ya shati, anapiga makofi na kucheka kuliko wote. Alikuwa Kiburi mwenyewe.

"Wewe si uko kule chini vitani?" alisema Kasiani.

"Kule chini nina mtu wa kunivalia nguo zangu," alijibu Kiburi. "Fundi, mimi ni mpenzi mkubwa wa kazi yako. Sanamu yako moja naiweka mezani, nikila chakula naitazama."

"Hukasiriki? Mimi nimekuchonga ili nikuaibishe."

"Nikasirike kwa lipi? Watu wakishanicheka, roho zao zinatulia, wanakwenda kulala. Asubuhi wananikuta pale pale. Na kila ulipotaka kuniaibisha umenichonga mimi, fundi. Umenikatia mpingo mzuri, umenisugua kwa msasa mpaka nikang'aa. Hao wengine, ambao huwa nawakanyaga, hata kidole chao hujakichonga."

Kasiani alihisi kinywaji kikigeuka maji ya chumvi mdomoni. Akasimama. Kejeli akamuuliza anakwenda wapi, naye akasema anakwenda chini. "Basi nitakusubiri hapa," alisema Kejeli, akifuta vumbi lisilokuwepo. "Viatu vyangu ni vyeupe."

Aliposhuka ngazi ya kwanza siafu wakawa watu. Aliposhuka zaidi wakawa watu wenye nyuso, huyu ana mwanya, yule ana alama ya ndui. Na alipokaribia chini alisikia wanaitana, si kwa vyeo bali kwa majina ya nyumbani, yale ambayo mama humwita mwanawe akiwa na homa. Alipokanyaga bonde lenyewe, vita vya siku ile vilikuwa vimekwisha. Moshi ulikuwa unapungua. Na katikati ya kimya kile alisikia mtu anaimba vibaya sana, wimbo wenyewe umempotea njiani, lakini anaendelea tu. Alikuwa mwanamke mmoja aliyejifunga kanga kiunoni, mikono imejaa udongo, anachimba kaburi.

"Ee, wewe mwenye kitambi!" alimpigia kelele. "Unatembea kama bwana afya anayekagua vyoo! Shika jembe hilo."

"Mama, hapa ni msibani," alisema Kasiani. "Hata heshima?"

"Heshima nimeiacha nyumbani imelala, inaumwa mgongo. Mimi naitwa Utani. Shika jembe."

Akashika. Walichimba mpaka viganja vyake, vilivyozoea mpingo, vikatoka malengelenge. Kisha wafiwa wakaja na maiti wao, familia baada ya familia, na kwa kila aliyeletwa Utani alikuwa na neno. Kwa mmoja alisimama ukingoni mwa kaburi, akashika kiuno, akasema, "Huyu Shaweji wenu hajawahi kukosa harusi ya watu wasiomwalika! Leo tumemwalika wenyewe, mwambieni tu pilau hakuna!" Kasiani alifunga macho akingoja apigwe. Badala yake mama wa marehemu, aliyekuja amekauka kama mti, alitoa sauti, na sauti ile ilikuwa kicheko, na nyuma ya kicheko yakaja machozi aliyokuwa ameyakosa kwa siku tatu. Wanawake wakamshika. Utani akateremka kaburini, akampokea marehemu kwa mikono miwili, taratibu, kama anayepokea mtoto mchanga kwa mkunga.

"Kwa nini hawakupigi?" Kasiani alimuuliza walipobaki wawili. "Kejeli angesema maneno yale yale wangemrarua."

Utani aliegemea mpini wa jembe, na kwa mara ya kwanza aliongea polepole. "Kejeli anayajua maneno yangu yote, hana analolikosa. Lakini hajashika udongo. Mimi walinikuta hapa kabla ya jua, nimechimba, nimeteka maji, nimepika uji wa wafiwa. Mzaha wangu unaingia nyumbani kwao kwa sababu mikono yangu imetangulia. Halafu sikiliza: mimi ninamtania Shaweji, mlaji wa harusi. Siwatanii 'maiti'. Usiyemjua huwezi kumtania, utamtukana tu." Akampangusa udongo begani. "Sasa nenda kamsalimie dada yangu pale. Usimkwepe, nimeona macho yako yanatafuta njia ya kuzunguka. Tumenyonya ziwa moja."

Dada mwenyewe alikuwa amekaa chini pembeni mwa uwanja, amejitanda nguo nyeusi. Alikuwa Huzuni. Kasiani alipiga goti mbele yake, akasema, "Nilidhani wewe unachukia kicheko."

"Watu ndio wananisingizia," alisema Huzuni. "Mimi nakaa na mtu miezi, nakaa naye miaka. Unadhani sichoki? Kicheko ndicho kinachokuja kunipokea zamu, nami nikajinyoosha mgongo kidogo. Cha kwenu kinakuja kweli, lakini kinapita barabarani na ngoma, hakibishi hodi. Nami nikisikia hivyo huwa nafunga dirisha."

 Kasiani aliuliza lile lililobaki: hao mapacha, yupi ni Kulwa na yupi ni Doto? Huzuni alimwelekeza kwenye kibanda mwisho wa bonde, nyumbani kwa mama yao. Mlango ulikuwa na makomeo saba, na ilimbidi asubiri yafunguliwe moja moja. Ndani alikuwemo mwanamke mwembamba, anatetemeka, anatazama nyuma ya mgeni kama anayeona wengine wanamfuata. Alikuwa Hofu.

"Hata mimi sijui," alisema kabla hajaulizwa. "Kila mtu anadhani nawaficha. Siku nilipowazaa niliogopa, nikafumba macho. Nilipoyafumbua walikuwa wawili, wanalia wote. Miaka arobaini wanapigana, na jibu lenyewe halipo." Kisha akamkazia macho Kasiani, akakunjua nguo aliyokuwa ameipakata. "Lakini huyu wa tatu namjua alipozaliwa. Nimemzaa leo asubuhi, karakanani kwako. Baba yake, uliogopa nini?"

Ndani ya nguo kulikuwa na kitoto kichanga, macho bado yamefumba, kidevu tayari kimeinuliwa juu. Kikafungua mdomo, na kwa sauti nzito ya Kasiani mwenyewe kikasema, "Kama huielewi, rudi kwenye maandazi yako." Kisha kikanyamaza, kikisubiri kuamkiwa.

Kasiani aliamka akipiga kelele. Maranda yalikuwa yamemganda shavuni, na jua limeshuka hadi saa kumi. Akabaki ameketi, na swali la yule mama halikumwondoka masikioni pamoja na usingizi. Uliogopa nini? Pale penye maranda, pasipo mtu wa kumsikia, akajijibu. Aliogopa kwa sababu wote waliokuwa karakanani asubuhi ile walivijua vita kwa kusikia, yeye akiwamo, na aliyeingia na beseni alivijua kwa kukimbia. Miaka kumi alikuwa akisema anaichongea dunia dawa ya ujeuri, na ujeuri ulipozaliwa miguuni pake hakuutambua, kwa sababu haukuvaa nishani.

Alinawa uso, akamwambia Fides anakwenda kwa Bi Olinda. Fides alimfungia muhogo wa kuchoma kwenye karatasi ili ale njiani.

Bi Olinda alikuwa amepanga chumba nyuma ya mashine ya kusaga. Alikuwa kibarazani akichekecha unga wa kesho. Alipomwona alisimama. "Karibu, fundi. Shikamoo." Na fundi Kasiani, aliyeamkiwa hivyo maelfu ya mara, alishindwa kuitoa marahaba.

"Mama, nimekuja kuomba radhi," alisema. "Uliniuliza swali, nikakutukana mbele za watu. Si wewe uliyekuwa huelewi."

Bi Olinda aliurudia unga wake kwa muda. "Mimi nilikuuliza kweli, fundi," alisema hatimaye. "Sikuja kukusuta. Nilitaka kujua mnacheka nini ili na mimi nicheke. Miaka mitatu sasa, mahali popote nikiingia watu wanaacha kucheka. Wanasema, nyamazeni, huyu katoka vitani. Nikasikia kwako watu wanavicheka vita vyenyewe, nikasema, basi labda hapa. Nikaingia. Nikawatazama wote, wenye nishani, wenye viti, na yule kuku. Nikamtafuta wa kwetu, nisimwone."

Kasiani aliketi kwenye ukingo wa baraza. Akaona unga uliobaki bado ni mwingi, akanyoosha mkono, akachukua chekecheke. Bi Olinda akamwachia. Alichekecha vibaya, unga ukamrukia ndevu, lakini aliendelea.

"Wa kwenu alikuwa nani?" aliuliza.

"Agostinyo. Mume wangu." Mdomo wake ukaanza kucheza. "Alikuwa anauza mikanda sokoni. Mikanda, fundi! Ya ngozi, ya plastiki, ya watoto. Yeye mwenyewe alikuwa hafungi mkanda. Alikuwa anasema mpishi hashibi mbele ya wateja. Basi miaka yote ya ndoa yetu yule mwanaume anatembea ameshika suruali. Kanisani ameshika suruali. Akicheza ngoma anacheza na mkono mmoja. Siku walipokuja wale watu na bunduki, tukatoka mbio, nami namsikia nyuma yangu analalamika: 'Sasa hawa nao, hawakuweza kusubiri mtu avae?' Nami nacheka, fundi. Risasi zinalia nami nakimbia nacheka."

Alikuwa anacheka hata sasa, kiganja kimefunika mdomo, mabega yanatikisika, na machozi yakipita katikati ya vidole. Kasiani alicheka pamoja naye, kwa sauti ya chini, kama mtu anavyocheka ndani ya nyumba ya watu.

"Alinikabidhi mtoto kwenye kivuko cha kijito," alisema Bi Olinda, "akarudi kumvuta mama yake. Jioni tulipomkuta, amelala chali njiani. Na mkono bado umeshika suruali." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Hilo sijamwambia mtu. Ningemwambia nani? Wangelia tu. Na yeye alikuwa mtu wa kuchekwa, alipenda kuchekwa."

Kasiani aliweka chekecheke chini. Alitazama viganja vyake vyeupe kwa unga, kisha akainua macho.

"Alishika kwa mkono gani?" aliuliza.

"Wa kushoto," alisema Bi Olinda. Akasimama, akainua mkono wake mwenyewe kiunoni kumwonyesha, akasogea hatua mbili barazani kama alivyokuwa akisogea Agostinyo, bega moja chini, shingo mbele. "Hivi, fundi. Lakini kidole gumba kilikuwa nje. Njoo, tazama vizuri."